Mguu wa Numan

Mimi na Qaid tumetenganishwa na ukuta mmoja kwa miaka ishirini na sita. Upande wangu ni jiko. Upande wake ni sebule ya wanaume, ile ya magodoro ya chini na mito ya kuegemea, ambamo kila siku baada ya adhuhuri wanaume wa mtaa huingia na mafungu yao ya mirungi na hawatoki mpaka magharibi. Ukuta ni wa mawe, lakini una tundu la bomba la zamani, na mimi sijawahi kuliziba. Watu wanasema Zuhura ana masikio marefu. Ni kweli. Mtu akitaka siri zake zisisikike asikae akipayuka hatua mbili kutoka kwenye sufuria yangu.

Nilizaliwa Tanga, baba alikuwa na duka pale, akaniozesha huku Taizi, kwa Waarabu, nikiwa na miaka kumi na tisa. Nimezaa huku, nimezika mume huku. Kwa hiyo nikisema wanaume wa Taizi wanapenda maneno kuliko chakula, nasema kama mwenyeji, na hakuna wa kunibishia.

Na katika hao wapenda maneno, Qaid alikuwa namba moja. Kazi yake ilikuwa kukodisha spika na taa za arusi, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Qaid wa Spika. Mwaka ule wa uwanja, watu walipotoka kudai haki zao wakalala kwenye mahema miezi na miezi, Qaid alipeleka spika zake zote bure. Aliniambia mara mia kwamba aliona kwa macho yake makabila ya milimani wakishuka, watu ambao mtoto wao akibalehe anapewa bunduki kabla ya kupewa mke, na wakaziacha silaha nyumbani wakaingia uwanjani mikono mitupu, wakapekuliwa na wanafunzi wembamba wasioweza kuinua hata gunia la unga. "Nimeliona, Zuhura," alikuwa akisema. "Usiniambie haiwezekani."

Halafu ikaja vita, na ile picha ikabaki kichwani mwake kama mwiba. Mtu asiyewahi kuona jambo zuri angalau anakata tamaa mara moja akapumzika. Yeye alikuwa hakati wala hapati. Akanunua redio, akaiunganisha na sola ya juu ya paa, akaanza kusikiliza habari za dunia nzima. Barafu inayeyuka, misitu inaungua, mashua zinazama na watu, samaki wanakufa na plastiki tumboni. Mirungi ikimkolea alikuwa anazihesabu nchi zenye vita kwa vidole, na vidole vikiisha anaomba vya jirani. Nilimhurumia, na pia nilitaka kumtupia mwiko. Mtu gani anashindwa kula mkate wake kwa sababu ya barafu ya watu wengine?

Mkewe, Taqiyya, hakuwa na habari na barafu. Alikuwa mwanamke wa Sabir, ule mlima unaotuangalia, na wanawake wa Sabir hawafuniki uso wala hawafungi mdomo. Ujana wake alikuwa akishuka na mirungi yake sokoni, rihani mbichi kaichomeka chini ya kilemba pande zote mbili za mashavu, na mnunuzi akijaribu kupunguza bei anarudi nyumbani bila mirungi na bila heshima. Hawakujaliwa watoto. Alinipenda, na mimi nilimpenda, ingawa alinitukana kila siku kuhusu wali wangu wa nazi.

Mwaka wa nne wa vita figo zake zikakataa. Hapo ndipo habari yenyewe inapoanzia.

Mashine za kusafisha damu za upande wetu zilikuwa zimesimama, hazina dawa wala maji safi. Zilizofanya kazi zilikuwa ng'ambo. Ng'ambo maana yake ni mtaa ule pale, ule unaoonekana kutoka kwenye paa langu, mtu akianika shuka nyekundu unaiona. Zamani ilikuwa dakika kumi kwa gari. Lakini katikati ya mji palikuwa na mstari wa vita, mchanga na mapipa, njia imefungwa, na aliyetaka kufika ng'ambo alizunguka milima yote kwa njia ya mawe, saa sita za kurushwarushwa kama mtama kwenye ungo. Mara mbili kwa wiki. Taqiyya alikuwa akienda na kurudi amepauka, akitapika, miguu imevimba. Siku ya kupumzika haikutosha kupumzika, tayari ni safari nyingine. Daktari wa ng'ambo alimwambia Qaid bila kuzunguka: mashine inamsaidia, njia inamuua.

Hiyo ndiyo iliyokuwa mada ya sebuleni sasa. Na mpinzani wa Qaid alikuwa Numan, kaka yake Taqiyya, mwanamume mpana mwenye kicheko kikubwa ambaye zamani alikuwa fundi wa matofali na sasa ni mpiganaji wa upande wetu, na kazi yake ilikuwa bunduki kubwa ya miguu mitatu juu ya jengo lililobomoka karibu na ile njia iliyofungwa.

"Shemeji," ningemsikia Numan akisema, mdomo umejaa majani, "wewe unataka kuwaomba. Uliomba uwanjani, wakakupa nini? Wamekula spika zako."

"Na wewe umepiga miaka minne. Umefungua njia hata ya paka?"

"Tungekuwa na mizinga kama yao..."

"Nao wanasema tungekuwa na mizinga kama yenu! Wote mnalilia mizinga kama watoto wanaolilia peremende."

"Basi kawasomee redio yako, waambie barafu inayeyuka. Watatoka mbio."

Wanaume wakacheka. Hata mimi nilicheka jikoni, Mungu anisamehe. Qaid hakucheka. Akasema, "Numan, ukiua kumi kesho, njia ikafunguka, keshokutwa nani ataifunga?" Numan akajibu, "Nisipoua hata mmoja, dada yangu atafika keshokutwa?" Hapo nikasikia tu mtu akimimina maji.

Kila siku namna hiyo. Kuua na kutoua, haki na subira, wanazungusha maneno mpaka magharibi, na upande wa pili wa mlango mwenye figo amelala anangoja Jumamosi.

Wazo la ng'ombe lilimjia Qaid mwenyewe. Kamanda wa ng'ambo, mtu aliyeitwa Abu Shaddad, alikuwa mtu wa makabila ya kaskazini. Na kwao kuna desturi: mwenye shida akimchinjia mtu ng'ombe dume mlangoni pake, aliyechinjiwa ni aibu kumgeuzia kisogo. Sisi wa Taizi mambo hayo tunayacheka. Sisi watu wa kalamu, watu wa vyeti, ugomvi wetu tunapeleka mahakamani tukangoje miaka thelathini kistaarabu. Lakini Qaid alisema, "Mwenye lugha yake msemeshe kwa lugha yake," akauza jenereta na spika zilizobaki, akanunua fahali mweusi mwenye doa kwenye paji.

Numan alikuja akamwangalia yule ng'ombe uani. "Mashallah," akasema. "Huyu ndiye waziri wetu wa mambo ya nje."

"Cheka tu," Qaid akamwambia. "Ila siku hiyo usipige."

"Sitapiga. Nitakuwa naangalia sinema."

Wakaenda asubuhi, Qaid na wazee wanane wa mtaa, kitambaa cheupe mbele, fahali nyuma anavutwa kwa kamba na hataki. Nilikuwa juu ya paa na Taqiyya, nimemfunga blanketi. Tuliwaona wakifika kwenye mchanga, wakakaa, wakakaa, mpaka akatoka mtu. Sikuona kisu. Nilimwona ng'ombe akishuka magoti, na wale watu wa ng'ambo wakaacha kuegemea ukuta, wakasimama wima.

Yaliyosemwa kule tulihadithiwa na wazee mara hamsini. Abu Shaddad alikuja mwenyewe, kijana kuliko walivyodhani, jicho moja lina ukungu. Aliposikia ni mke mgonjwa, alishika kichwa chake akasema, "Mmetufikia," yaani ombi limepokelewa. Akatoa siku mbili, Jumamosi na Jumanne, tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kwa wagonjwa. Halafu akauliza, "Nani uso wake uko mbele?" Qaid akaelewa wanataka dhamana. Akavua jambia la babu yake pamoja na ala na mkanda, akamkabidhi, kama mtu anavyoacha kitambulisho kwa mlinzi wa geti. Wazee wakapiga makofi. Hakuna hata mmoja kati ya wale watu tisa wenye akili zao aliyejua kwamba kwa watu wale Qaid alikuwa ametia saini jambo zito kuliko ndoa.

Jumamosi ya kwanza Taqiyya alienda kwa dakika kumi na mbili. Dakika kumi na mbili! Adhuhuri alirudi, kashuka kwenye gari kwa miguu yake, kachomeka rihani kilembani, nyuso za wanawake zimejaa madirishani, nikapiga vigelegele mpaka koo likakauka. Alikula. Aliomba wali wangu wa nazi, akautukana, akaumaliza. Jumanne akaenda tena. Jumamosi ya pili, Jumanne ya pili. Uso wake ukaanza kurudisha rangi. Nilimsikia Qaid sebuleni, sauti imemtoka kama mtu mpya, "Numan, sema sasa. Sema!" Na Numan akacheka, "Nimeshindwa na ng'ombe, nitasema nini?" Kwa siku kumi na nne redio haikuwashwa. Nilidhani imeharibika.

Jumamosi ya tatu magari ya wagonjwa yalikuwa yamepanga foleni upande wetu. Taqiyya alikuwa gari la pili. Walinzi wa ng'ambo walitoka nje ya mchanga wao, kama kawaida, ili wayaviringishe mapipa kando. Watu wawili, mikono kwenye mapipa, bunduki mgongoni. Na kutoka juu ya lile jengo la upande wetu bunduki kubwa ikaanza.

Wale wawili walikufa pale pale. Wapiganaji wetu waliokuwa wamejificha wakatoka mbio kwenda kuishika njia, wakafika mpaka mapipani, wakarudishwa. Saa moja tu. Njia ikafungwa kuliko ilivyokuwa, wakaongeza na makontena. Gari la Taqiyya lilirudi kinyumenyume na vioo vimevunjika. Yeye hakuguswa. Aliingia nyumbani akaketi na viatu, akasema, "Ile sauti naijua. Ile bunduki ya Numan inakohoa baada ya kila risasi tatu." Alikuwa ameisikia kila siku kwa miaka minne.

Siku ya tatu akaja mzee muuza asali, mtu anayeruhusiwa kupita pande zote kwa sababu wote wanapenda asali. Qaid akajifungia naye sebuleni, wao wawili tu, nami nikazima jiko ili nisikie vizuri.

"Abu Shaddad anasema hana ugomvi na wewe," mzee akasema. "Jambia lako liko kwake, halijavunjwa. Lakini uso wako umepakwa masizi."

"Mimi sikupiga! Mimi nilikuwa nyuma ya gari la mke wangu!"

"Ulitoa jambia, mwanangu. Ulisema uso wangu uko mbele. Aliyepiga kavunja ulinzi wako wewe, si wao. Kwa desturi, wewe ndiye wa kumwadhibu. Usipomwadhibu, basi mlikuwa lenu moja."

"Nimwadhibu vipi?"

"Damu. Hawakuambii uue. Hata mguu. Mpige risasi ya mguu, ijulikane ni wewe, na Jumamosi mapipa yatatolewa. Kaapa mbele yangu, na yule akiapa ameapa."

Halafu Qaid akasema kwa sauti ya mtoto, "Mimi nilidhani ni kama rehani."

Alimwomba mzee asimwambie mtu. Akanijia mimi, maana alijua tundu la bomba. "Taqiyya asijue," akasema. "Nakusihi, Zuhura. Asije akabeba na hili." Nikakubali. Wiki hiyo walizunguka tena milima, saa sita kwenda, saa sita kurudi, na aliporudi alishindwa kushuka, tukamshusha na godoro.

Alhamisi alasiri Numan akaja. Nilikuwa chumbani kwa Taqiyya nikimsugua miguu kwa mafuta ya ufuta, na kati yetu na sebule palikuwa na mlango mmoja tu wa mbao. Wale wengine waliokuwa wakija na mirungi yao hawakuwa wanakuja tena. Nani akae na mtu mwenye uso wa masizi?

"Nimesikia habari ya mguu," Numan akasema. Kwa muuza asali hakuna siri, kumbe.

"Punguza sauti."

"Wakubwa wetu waliniambia magari yakishapita ndipo tutapiga. Waliniambia kufika alasiri njia yote itakuwa yetu, Taqiyya atapita bila kumwomba mtu. Niliamini, Qaid. Halafu amri ikaja mapema. Ningefanyaje?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, angepiga mwingine. Na sasa sikiliza." Nikasikia kitu kizito kikiwekwa chini. "Hii bunduki. Na huu mguu. Wa kushoto, wa kulia nautaka. Mimi mwenyewe nakupa. Piga hapa kwenye nyama, tuite mashahidi wawili, Jumamosi dada anapita."

Mikono yangu ilisimama juu ya kifundo cha Taqiyya. Nilimwangalia. Macho yake yalikuwa wazi, yanatazama dari, na nilijua anaunganisha kila neno.

"Siwezi," Qaid akasema.

"Unaweza. Kidole tu."

"Miaka yote nimesema hakuna njia inayofunguliwa kwa risasi. Nikupige leo, kesho nitasema nini?"

"Kesho utanyamaza, kuna ubaya gani? Bwana, ni mguu! Ni wangu! Ninao wa pili!"

"Na damu ikikataa kukatika ukafa? Na watoto wako? Na wenzako wakija kulipiza mtaani? Inaanza hivi hivi, Numan. Kila mara inaanza na mguu."

"Basi mpe Mungu sababu hizo Taqiyya akifa!"

Nikasikia chuma kikiinuliwa. Qaid alikuwa ameishika. Nilisikia pumzi zao wote wawili, na nilijikuta naomba, na sijui mpaka leo nilikuwa naomba nini. Dakika ikapita, labda mbili. Kisha bunduki ikarudishwa sakafuni taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, na Qaid akaanza kulia. Numan naye akalia, kilio kikubwa kama kicheko chake. Walikuwa wamekumbatiana, nilisikia migongo ikipigwapigwa.

Taqiyya akanishika mkono. "Wewe ulijua?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ya mguu? Tangu lini?"

"Jumanne."

Kule ng'ambo ya mlango walikuwa bado wanalia, wanaombana msamaha, ndugu yangu, ndugu yangu.

"Mguu mmoja, Zuhura," akasema. "Ningeushika mimi mwenyewe usitikisike."

Mlango ukasogea. Akafumba macho haraka, mdomo akaulegeza. Qaid akachungulia, uso umevimba, na Wallahi ulikuwa na nuru kidogo, kama wa mtu aliyefaulu mtihani. Akaninong'oneza, "Amelala?" Nikasema amelala.

Tulimzika mwezi wa Rajabu. Alifia kwenye gari, kona ya tisa ya mlima, kichwa chake pajani kwangu, Numan akiendesha, Qaid mbele akiwaomba wenye malori watupishe. Sasa wale wawili wanakaa sebuleni kila alasiri, mirungi kidogo, redio imezimwa, na hawabishani tena juu ya kitu chochote. Mara moja moja Qaid huja kwenye tundu la bomba na kuniita kwa sauti ya chini. Anataka nimwambie kweli, siku ile ya Alhamisi, Taqiyya alisikia? Alisema chochote?

Namwambia alikuwa amelala.